Kinga ya Mfanyakazi: Somo la Historia kutoka Kariakoo

(Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Mwalimu alisome kwanza polepole, kisha wanafunzi walisome wenyewe kwa zamu. Maswali ya mazungumzo yako mwisho.)

 

Leo tutazungumza juu ya kazi, na juu ya adui mmoja wa mfanyakazi. Adui huyu hana panga wala bunduki, wala humsikii akija. Ni vijidudu viletavyo maradhi, vidogo hata jicho haliwezi kuviona.

Wewe unayesoma ukurasa huu labda ni mchukuzi wa mizigo sokoni. Labda wasukuma mkokoteni, au wauza samaki, au ni mama lishe, au wachinja kuku, au wafagia barabara, au wasafisha wodi ya hospitali. Kila kazi ina hatari yake. Fundi wa paa aweza kuanguka, na kila apitaye njiani aiona hatari ile. Lakini mfagizi anayeokota taka kwa mikono mitupu, hatari yake haionekani. Akiugua baada ya wiki mbili, watu husema, "Ameshikwa na homa tu." Hakuna asemaye, "Kazi yake imemwumiza."

Basi tujifunze jinsi watu wa zamani walivyopatwa na hatari hii, jinsi kinga zilivyopatikana, na kwa nini mara nyingi kinga zilichelewa kumfikia yule aliyezihitaji kuliko wote. Hatuna haja ya kwenda mbali. Tutaanzia Kariakoo.

JINA LA KARIAKOO

Wengi wenu mwapita Kariakoo kila siku. Je, mwajua jina hili limetoka wapi? Si jina la Kizaramo wala la Kiarabu. Ni maneno mawili ya Kiingereza, Carrier Corps, yaliyotamkwa na watu wetu kwa ulimi wao. Maana yake ni Kikosi cha Wapagazi. Huko Nairobi pia kuna mtaa wenye jina la asili hiyo hiyo, uitwao Kariokor.

Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani walikuwa wamejenga jengo la soko mahali hapo. Vita vikaanza mwaka 1914, na soko halikuanza kazi yake. Mwezi wa Septemba 1916 Waingereza waliuteka mji wa Dar es Salaam. Jengo lile na viwanja vyake wakavifanya kambi ya wapagazi wa jeshi. Baada ya vita jengo likawa soko, kama lilivyokusudiwa. Lakini jina la kambi halikuondoka.

Kwa nini jeshi lilihitaji wapagazi? Kwa sababu magari yalikuwa machache na barabara zilikuwa mbaya. Farasi, punda na ng'ombe walikufa kwa ugonjwa wa nagana, uletwao na mbung'o. Basi mzigo wa vita ulipandishwa juu ya kichwa cha mtu: chakula, risasi, mahema, dawa. Watu walichukuliwa kutoka Kenya, Uganda, Nyasa, Kongo na hapa kwetu Tanganyika. Wengine walikwenda kwa mshahara, na wengi walikamatwa kwa nguvu. Wanahistoria wakadiria kwamba Waingereza na wenzao walitumia wapagazi karibu milioni moja. Wajerumani nao walikuwa na wapagazi wao.

Sasa sikiliza hesabu ya kusikitisha. Upande wa Waingereza na wenzao peke yao, wapagazi karibu 100,000 walikufa. Wengi wa watu hao hawakupigwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, na malaria, na kichomi. Waliuawa na vijidudu, nao walikuwa kazini.

Fikiri jinsi ilivyokuwa. Mpagazi afika kambini jioni, amechoka. Kuni zimelowa mvua. Sufuria ni moja kwa watu wengi. Amepewa unga wa mahindi, naye aula kabla haujaiva vizuri. Watu waliozoea ndizi, kama wengi wa kutoka Uganda, waliumia zaidi kwa chakula hicho kigeni. Maji ya kunywa yalichotwa katika mto ambao maelfu ya watu waliotangulia walikuwa wameoga ndani yake na kujisaidia kando yake. Usiku wengi hawakuwa na chandarua, na wengine hawakuwa hata na blanketi. Walikwenda miguu mitupu, na funza wakaingia katika vidole. Mtu mwenye vidonda miguuni, tumbo linalouma na homa mwilini aliamka asubuhi na kutwikwa mzigo tena.

Mkuu wa shughuli za wapagazi kwa upande wa Waingereza alikuwa ofisa mmoja wa Kenya, jina lake Oscar Watkins. Yeye aliwadai wakuu wa jeshi wapagazi wapewe chakula kinachowafaa, kilichopikwa vizuri, na blanketi, na hospitali. Baadhi ya mambo haya yalifanywa, hasa tangu mwaka 1917. Lakini kwa maelfu ya watu msaada ulifika baada ya wao kuzikwa.

Jambo la mwisho juu ya wapagazi. Wengi walikufa bila majina yao kuandikwa vizuri. Kwa sababu hiyo jamaa zao hawakuweza kupata hata mishahara ya marehemu. Madai ya fedha hizo yalibishaniwa miaka mingi baada ya vita, na sehemu kubwa haikuwafikia wenyewe. Mwaka 1927 sanamu ya Askari ilisimamishwa mjini, penye barabara ambayo leo ni ya Samora. Maandishi yaliyo chini yake yawataja wapagazi pia. Lakini sanamu yenyewe ni ya mtu mwenye bunduki. Kumbukumbu kubwa ya mpagazi ni jina la soko.

JE, WATU HAWAKUJUA?

Labda mtu atauliza, "Je, zamani zile watu walijua habari za vijidudu?" Hili ni swali zuri. Jibu ni kwamba wataalamu walikwisha kujua.

Mwaka 1876 daktari Mjerumani, Robert Koch, alionyesha kijidudu kiletacho kimeta, ugonjwa wa ng'ombe na kondoo ambao humwingia pia mtu. Mwaka 1882 alionyesha kijidudu cha kifua kikuu. Mwaka 1897 Mjapani Kiyoshi Shiga alikipata kijidudu kimoja kiletacho kuhara damu. Mwaka huo huo Ronald Ross, akiwa Bara Hindi, alionyesha kwamba vijidudu vya malaria hukua ndani ya mbu.

Na Koch mwenyewe alifika hapa kwetu. Katika miaka ya 1897 na 1898 alifanya kazi Dar es Salaam akichunguza malaria. Mwaka 1897 ndipo hospitali ya Ocean Road ilipofunguliwa, kwa ajili ya Wazungu. Mfanyabiashara Mhindi, Sewa Haji Paroo, alitoa fedha zake ili wapatikane mahali pa kutibiwa watu wengine. Jina lake lapatikana hata leo katika hospitali ya Muhimbili.

Basi hesabu mwenyewe. Elimu juu ya mbu na malaria ilikuwapo mjini humu karibu miaka 20 kabla ya kambi ya Kariakoo. Kwinini ilikuwapo. Ilijulikana kwamba maji yakichemshwa hayana hatari. Wapagazi hawakufa kwa kuwa dunia haikujua. Walikufa kwa kuwa elimu ile haikupelekwa mpaka kwenye sufuria yao na kwenye mahali walipolala.

Hili ndilo fundisho la kwanza la somo letu. Elimu ya daktari haimlindi mfanyakazi mpaka mtu mwenye amri na mfuko wa fedha akubali kuitumia kwa ajili yake.

KIWANJA CHA MNAZI MMOJA

Wakati wa ukoloni mji uligawanywa kwa sehemu. Upande wa bahari, kaskazini, walikaa Wazungu. Sehemu ya kati ilikuwa ya biashara, na Wahindi wengi walikaa hapo. Kariakoo na Ilala zilikuwa za Waafrika. Kati ya sehemu ya biashara na Kariakoo paliachwa kiwanja kikubwa kitupu, ambacho ni Mnazi Mmoja. Moja ya sababu zilizotolewa ilikuwa afya: eti nafasi hiyo ingezuia maradhi yasivuke kutoka upande mmoja kwenda wa pili.

Lakini kila alfajiri watu walivuka kiwanja kile kwenda kazini: wapishi, madobi, yaya, wachukuzi wa bandarini, na matopasi waliofagia mitaa na kusafisha vyoo. Jioni walirudi. Nafasi tupu ilikusudiwa kuwakinga wenye nyumba. Topasi aliyeshika kinyesi cha mji kwa mikono yake hakupata kinga yoyote kwa kuwapo kwa kiwanja kile. Kumtenga mtu mbali na nyumba yako si sawa na kumlinda katika kazi anayokufanyia.

KIMETA CHA BRADFORD

Sasa twende Uingereza kidogo, tuone jinsi kinga moja ilivyopatikana.

Katika mji wa Bradford kulikuwa na viwanda vikubwa vya sufu. Sufu na manyoya ya mbuzi yaliletwa kwa meli kutoka nchi za mbali. Kazi ya wafanyakazi wengine ilikuwa kufungua marobota na kuchagua sufu. Katika miaka ya 1870 na 1880 ilionekana kwamba baadhi ya watu hao walishikwa na homa, kifua kikabana, nao wakafa baada ya siku chache tu. Daktari mmoja wa mji huo, John Henry Bell, alichunguza na kuonyesha kwamba ugonjwa ule ulikuwa kimeta. Kijidudu cha kimeta huweza kukaa kikavu katika manyoya, ngozi na udongo kwa miaka mingi bila kufa. Mchaguaji sufu alipolipiga robota, vumbi lilipanda, naye akakivuta ndani kwa pua.

Wafanyakazi walilalamika, madaktari wakaandika, na kanuni zikatungwa. Marobota ya hatari yaloweshwe maji kwanza. Vumbi livutwe kwa mashine mbali na uso wa mtu. Lakini kanuni hizi hazikutosha. Mwaka 1919 ikatungwa sheria mpya, na mwaka 1921 ikafunguliwa stesheni katika bandari ya Liverpool kwa kuosha sufu ya hatari kwa dawa, kabla haijafika mkononi mwa mchaguaji.

Ona tofauti hapo. Hawakumwambia mchaguaji sufu, "Jihadhari." Walikiua kijidudu kule kule bandarini.

Mwaka huo huo wa 1919 lilianzishwa Shirika la Kazi la Kimataifa, yaani ILO. Mkutano wake wa kwanza ulifanyika Washington, na moja ya mapendekezo yake ya kwanza kabisa lilikuwa juu ya kuwakinga wafanyakazi na kimeta. Baadaye shirika lilifanya mikataba juu ya kemikali, juu ya mionzi, juu ya migodi na mengine mengi. Lakini mkataba juu ya hatari zote za vijidudu kazini ulipitishwa mwezi wa Juni 2025 tu, huko Geneva. Ni mkataba wa 192. Kutoka pendekezo la kimeta mpaka mkataba huo ni miaka zaidi ya 100.

Nanyi mnaofanya kazi ya nyama na ngozi, kumbukeni kwamba kimeta kipo katika nchi yetu. Mnyama aliyekufa ghafula na kutoka damu puani asichunwe, wala asipasuliwe, wala nyama yake isiuzwe kwa bei rahisi. Aitwe bwana mifugo. Mzoga hufukiwa chini sana au huchomwa moto.

SHERIA ZA NCHI YETU

Hapa kwetu sheria zilikwenda polepole. Mwaka 1923 serikali ya Waingereza ilitunga sheria ya mabwana na watumishi. Mwaka 1926 ikaanzishwa idara ya kazi chini ya Granville Orde-Browne, aliyeshughulika na chakula, makao na matibabu ya vibarua wa mashamba. Mwaka 1931 idara hiyo ilifungwa kwa sababu ya shida ya fedha, ikaanzishwa tena mwaka 1938.

Wafanyakazi wenyewe hawakukaa kimya. Wachukuzi wa bandari ya Dar es Salaam waligoma mwaka 1939, na tena mwaka 1947. Mgomo wa mwaka 1947 ulienea mpaka miji ya bara. Mwaka 1955 vyama vya wafanyakazi viliungana katika Shirikisho la Wafanyakazi la Tanganyika, na Rashidi Kawawa akawa katibu mkuu wake.

Mwaka 1950 ilitungwa sheria ya viwanda. Kama jina lake lilivyoonyesha, sheria hii ilitazama hasa kiwanda, mashine na mitambo. Mtu aliyekatwa kidole na mashine, sheria ilimwona. Kuli wa sokoni na mchimba choo hawakuwa kiwandani. Sheria hiyo ilidumu zaidi ya miaka 50. Mwaka 2001 ulianzishwa Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, ambao wengi huuita OSHA. Mwaka 2003 Bunge likatunga sheria mpya ya usalama na afya mahali pa kazi, na ile ya 1950 ikaondolewa. Sheria mpya yatazama mahali pa kazi pa namna nyingi zaidi. Yamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga na apime afya za wafanyakazi. Mwaka 2008 ikatungwa sheria ya fidia, na tangu mwaka 2015 Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi hulipa si kwa ajali tu, bali na kwa maradhi yaliyotokana na kazi.

Haya ni maendeleo makubwa. Lakini tazama neno moja: mwajiri. Mchukuzi wa Kariakoo alipwa kwa mzigo. Asubuhi ambebea huyu, mchana yule. Mwajiri wake ni nani? Mama lishe amejiajiri mwenyewe. Hapo ndipo sheria nzuri huweza kumpita mtu bila kumgusa, na hapo ndipo kuna kazi ambayo bado haijamalizika.

REDIO NA VYOO

Kuna kinga iliyopatikana kwa njia nyingine, nayo yatuhusu sisi wa madarasa ya watu wazima. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu karibu milioni mbili walikutana katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu vidogo na kuzungumza. Kisha walitoka, wakachimba vyoo, wakafyeka majani, wakafukia madimbwi ya mbu. Elimu ilitoka kwa daktari ikafika mpaka kwenye jembe. Jambo ambalo halikufanywa kwa wapagazi lilifanywa na wananchi wenyewe.

Baada ya miaka miwili, tarehe 8 Desemba 1975, Mwalimu Nyerere alifungua soko jipya la Kariakoo. Msanifu wake alikuwa Mtanzania, Beda Amuli. Paa lake lilifanywa kama miavuli iliyopinduliwa, lipate kukusanya maji ya mvua na kuyapeleka katika tangi chini ya ardhi. Tarehe 10 Julai 2021 soko hilo liliungua. Lakini fikira ya Amuli yafaa kukumbukwa: soko si mahali pa kuuzia tu. Ni mahali pa kazi pa maelfu ya watu, na mahali pa kazi pahitaji maji.

HATARI YA LEO

Sasa tutazame kazi za siku hizi. Zipo nne za kuangalia.

Kwanza, wachota vyoo. Nyumba nyingi za Dar es Salaam zatumia vyoo vya shimo, na gari la kunyonya haliwezi kupita katika vichochoro vyote. Basi huitwa vijana, ambao watu wamewapa jina la vyura. Hufanya kazi usiku. Wengine humwaga mafuta ya taa kupunguza harufu, kisha huteremka shimoni na ndoo. Jina lenyewe si la heshima, ingawa pasipo wao mji ungeugua. Katika miaka ya 2000 ilianza kutumika jijini pampu ya mkono iitwayo Gulper, ambayo humwezesha mtu kunyonya uchafu akiwa amesimama juu. Hii ni kama ile stesheni ya Liverpool: kazi imebadilishwa, mtu ametolewa shimoni.

Pili, mama lishe na mteja wake. Mwezi wa Agosti 2015 kipindupindu kilizuka Dar es Salaam, kikaenea katika mikoa mingi. Kijidudu chake hupita kwa maji na chakula, kama kile cha kuhara damu kilichowaua wapagazi. Mama lishe ambaye hana bomba karibu, lawama yote huwekwa juu yake. Lakini hawezi kunawa kwa maji ambayo hayapo.

Tatu, kazi za majini na penye panya. Mwezi wa Julai 2022 watu waliugua homa isiyojulikana katika wilaya ya Ruangwa, mkoa wa Lindi. Watatu walikuwa wamefariki wakati serikali ilipotangaza kwamba ni homa ya mgunda. Ugonjwa huu hutoka katika mkojo wa panya na wanyama wengine. Huingia mwilini kwa kidonda au mkwaruzo mdogo, mtu akanyagapo maji machafu. Ni ugonjwa wa wakulima wa mpunga, wakata miwa, wazibua mifereji na wachinjaji. Katika mji wenye mafuriko na panya, kama wetu, buti la mpira ni chombo cha kazi kama lilivyo jembe.

Nne, kazi ya hospitali. Mwaka 2000 ugonjwa wa Ebola uliingia Gulu, Uganda. Dakta Matthew Lukwiya, mkuu wa hospitali ya Lacor, aliutambua mapema na kuwaongoza wenzake. Wauguzi kadhaa wakafa, na mwezi wa Desemba akafa yeye pia. Mwaka 2023 ugonjwa wa Marburg ulizuka kwetu mkoani Kagera, ukaua watu sita, na mmoja wao alikuwa mtumishi wa afya. Tusiwasahau na wale wanaofua mashuka na kuzoa taka za wodi. Sindano iliyotupwa ovyo humchoma mfagizi, naye aweza kupata homa ya ini au ukimwi. Kuna chanjo ya homa ya ini ya aina ya B. Yampasa kupewa mfagizi kama anavyopewa daktari.

MILANGO MINNE

Vijidudu huingia mwilini kwa milango minne. Wa kwanza ni mdomo: kipindupindu na kuhara damu. Wa pili ni pua: kifua kikuu na kimeta cha vumbi. Wa tatu ni ngozi iliyojeruhiwa: homa ya mgunda, na maradhi ya sindano. Wa nne ni wadudu waumao: malaria, na homa ya dengi, ambayo mbu wake huuma mchana na hupenda kuzaa katika maji yaliyotuama ndani ya matairi ya zamani. Mafundi wa gereji walielewe hili.

Kinga nazo zina utaratibu wake. Kwanza, ondoa kijidudu chenyewe, kama sufu ilivyooshwa bandarini. Ikiwa haiwezekani, mtenge mtu nacho, kama pampu inavyomtenga mchota choo. Kisha panga kazi vizuri: maji na sabuni viwe karibu, chakula kisiliwe penye kazi chafu, vidonda vifunikwe, chanjo zitolewe. Mwisho ndipo glovu, buti na barakoa. Wengi huanza na glovu, wakadhani wamemaliza. Glovu iliyotoboka haimkingi mtu, na humfanya ajione salama.

KAZI YA KALAMU

Sasa nawaambia ninyi mnaojifunza kusoma na kuandika. Tuliona kwamba wapagazi walikufa, na wengi hawakuandikwa. Kifo kisichoandikwa hakina wa kukidai. Bradford nako, vifo vilikuwa vya siri mpaka vilipoanza kuhesabiwa.

Basi nunueni daftari moja katika kikundi chenu cha kazi. Pigeni mistari minne. Andikeni tarehe. Andikeni jina la mtu aliyeugua. Andikeni kazi aliyokuwa akiifanya wiki hiyo. Andikeni ugonjwa, kama alivyoambiwa hospitalini. Baada ya miezi sita, someni daftari hilo pamoja. Ikiwa wachukuzi wanane wa lango moja wameumwa tumbo mwezi mmoja, hilo si shauri la bahati mbaya ya mtu mmoja. Lipelekeni kwa bwana afya, kwa uongozi wa soko, kwa chama chenu. Mtu mmoja akisema anaumwa, ataambiwa apumzike. Daftari likisema, itabidi bomba litazamwe.

Mtu asiyejua kusoma aliweza kuwatwika wenzake habari zake, wazisahau. Wewe sasa waweza kuziandika.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Jina la Kariakoo lilitokana na nini?
2. Kwa nini wapagazi wengi walikufa kwa kuhara damu, ingawa kijidudu chake kilikuwa kimekwisha kujulikana?
3. Eleza tofauti kati ya kumwambia mfanyakazi "Jihadhari" na kuosha sufu bandarini.
4. Katika kazi yako, vijidudu vyaweza kuingia kwa mlango upi? Ni kinga ipi ya kwanza iwezayo kufanywa?
5. Mchukuzi asiye na mwajiri mmoja, nani ampe buti na maji ya kunawa? Toeni mawazo, na mmoja wenu ayaandike ubaoni.

Somo letu limekwisha. Kwaherini, na kazi njema.